Mfaransa Aliyegoma Kuamka

Mimi ni mfamasia. Kwa miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa nikiwaambia watu mambo matatu yale yale: soma lebo kabla ya kumimina, usihamishie kitu kwenye chupa isiyo yake, na ukiulizwa umetumia nini, sema kweli. Nawaambia kwa sauti ya upole ambayo mke wangu anasema inaudhi kuliko makelele. Naomba mambo hayo matatu yakumbukwe, maana mimi mwenyewe niliyasahau yote kwa mpigo.

Nje ya duka nina maradhi ambayo sijayapatia dawa: napenda magari ya zamani ya Ulaya. Majirani zangu wana magari ya Kijapani yanayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na katikati hapo hakuna la kusimulia. Mimi nina Mfaransa. Alitengenezwa kabla sijamaliza shule ya msingi, rangi yake ni ya maziwa yaliyoungua kidogo, na hana springi hata moja. Badala ya springi ana mabuyu ya chuma yaliyojazwa gesi, na mafuta maalumu ya kijani yanayozunguka mwilini mwake mwote, kwenye magurudumu, kwenye usukani na kwenye breki. Ukimzima analala, tumbo linakaribia kugusa sakafu. Ukimwasha ananyanyuka taratibu kama ngamia, kwanza matako, halafu kichwa. Nilimnunua kwa sababu ya huko kunyanyuka tu, wala sioni haya kusema.

Nilimwona kwenye picha mtandaoni. Nikaandikiana miezi mitano na mzee aliyekuwa akimmiliki huko Ulaya, ambaye katika kila barua aliniuliza kama nina uhakika. Mfaransa alipofika kwa meli, nilimkuta bandarini amelala kifudifudi katikati ya magari yaliyosimama vizuri, na ofisa wa forodha ameshaandika kwamba gari limewasili likiwa limevunjika springi zote nne. Nikamweleza kwamba halijavunjika, limelala. Alinitazama vile ninavyomtazama mtu anayetaka vidonge vya usingizi bila cheti. Ilichukua siku nne na betri ya kuazima kumthibitishia. Mfaransa aliponyanyuka, wapakizi walipiga makofi, nami nikainamisha kichwa kuwashukuru, utadhani nimemnyanyua kwa mikono yangu.

Katika mji wetu kuna fundi mmoja tu anayemwelewa. Watu wote wanamwita Daktari, kwa sababu huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine kwenye injini, kisha akafumba macho. Gereji yake ni uwanja wenye paa la mabati upande mmoja, na ukutani kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili isiporudishwa pengo lionekane. Kabla hajafungua boneti humuuliza mwenye gari swali moja: umeongeza kitu? Huuliza mara moja, na jibu lako analichukua kama ulivyolitoa.

Wenye magari ya namna hii tuko sita. Kati yetu tuna magari tisa, na yanayotembea kwa siku moja huwa hayazidi matatu. Wote tulikuwa wagonjwa wa Daktari, na tuna kikundi chetu kwenye simu ambako mimi ni katibu. Hakuna aliyenichagua. Nilianza tu kuandika taarifa ndefu, wenzangu wakachoka kunizuia.

Sasa nije kwenye upumbavu wenyewe. Yale mafuta ya kijani hayapatikani madukani kwetu, kwa hiyo niliagiza debe zima kutoka ng'ambo, nalo likafika limebonyea na linavuja pembeni. Nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la kitaalamu. Nilichukua chupa za kahawia kutoka dukani, zile za kukinga dawa na mwanga, nikamimina mafuta yote humo. Zikawa chupa kumi na mbili, nikazipanga kwenye rafu ya stoo nyumbani. Wiki hiyo hiyo Mama Watoto akasema mfuniko wa kopo la mafuta ya breki ya gari lake dogo umepasuka. Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, hayo nayo nikayatia kwenye chupa ya kahawia, ya kumi na tatu. Nilizibandika lebo zote kwa mwandiko wangu mzuri wa kikazi. Nilikaa nikizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mtu mzima.

Jumamosi moja Daktari alinirudishia Mfaransa baada ya matengenezo ya kawaida. Alikuwa mzima kabisa. Lakini mpenzi wa magari ya zamani hawezi kuliacha gari zima likapumzika, mikono inamwasha. Jumapili nilifungua boneti kuangalia tu, nikaona mafuta yamepungua upana wa kidole. Miwani nilikuwa nimeiacha sebuleni, na sebuleni palikuwa mbali, kama hatua kumi na tano. Nikaenda stoo, nikachukua chupa, nikamimina karibu nusu yake, nikafuta shingo ya tangi kwa kitambaa. Nikarudi ndani nimevimba kichwa kama fundi mwenye cheti.

Baada ya siku tisa, mbele ya duka langu, wateja wakiwa wamejipanga foleni, niliwasha gari na Mfaransa akanyanyua kichwa peke yake. Matako yaligoma. Chini yake palikuwa na kidimbwi. Usukani ulikuwa mzito na breki imelegea, hivyo akavutwa kwa kamba hadi kwa Daktari, mimi ndani nikishika usukani na kuwapungia mkono watu wanaonifahamu.

Daktari alifungua kizibo cha tangi, akakinga mafuta kwenye gudulia la kioo, akaliweka juu ya benchi. Tukasubiri. Polepole yakajitenga, juu kijani, chini manjano, kama dawa ya maji ambayo haijatikiswa. Alichovya kijiti mpaka chini, akanusa.

"Haya ya chini ni ya breki," akasema. "Raba zote ndani zitakuwa zimevimba. Umeongeza kitu?"

Nikasema sijaongeza. Na kwa akili yangu ya siku ile sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimempa Mfaransa mafuta yake mwenyewe, na mafuta yake mwenyewe si "kitu". Jibu la namna hii nalisikia dukani kila siku: mtu anaapa hajatumia dawa nyingine yoyote, ukimbana kidogo anakumbuka tatu. Ndiyo maana mimi huuliza mara mbili.

Daktari naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akauliza mara ya pili. Hapo nikapandisha hasira. Uwanjani palikuwa na wateja wawili, na sauti yangu ya upole iliniponyoka kabisa.

"Gari limetoka mikononi mwako, Daktari. Mimi nashika machupa miaka ishirini na miwili, hujawahi kusikia nimempa mtu kisicho chake. Kama umechoka na kazi, sema."

"Mimi sikuweka," akajibu. Akafuta kijiti, akageukia gari jingine.

Ningeishia hapo, ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini mimi ni katibu. Nilirudi nyumbani nikawaandikia wenzangu aya sita, zenye kichwa cha habari, nikieleza jinsi Daktari alivyochanganya mafuta na kuwashauri wachukue tahadhari. Wakachukua. Wiki haikuisha magari matatu yalikuwa yameondolewa kwake. Baada ya hapo madereva wa teksi nao wakayasikia, wakaanza kupeleka magari yao upande mwingine wa mji. Niliposikia hayo nilifurahi. Sitajipaka mafuta hapa: nilifurahi, nikaagiza chai ya pili.

Wiki ya tatu, asubuhi nikiwa mezani, Mama Watoto aliingia ameshika chupa ya kahawia. Yeye ni karani wa mahakama, na kuishi na karani wa mahakama ni kuishi na mtu asiyesahau ulichosema mwanzo.

"Hii ilikuwa imejaa," akasema. "Nani kaitumia?"

Nikasema labda inavuja.

"Rafu ni kavu. Vaa miwani usome."

Nikavaa. Lebo ilikuwa imebandikwa sawasawa, herufi zimesimama kama askari: Mafuta ya breki, gari la Mama Watoto. Chini yake nilikuwa nimeandika "Usichanganye", nikapigia mistari miwili. Ule mwandiko naujua. Nimeulea mwenyewe.

Kuna aibu ambazo mtu anajua papo hapo kwamba atakuja kuzisimulia akicheka. Hii haikuwa hivyo. Nilimwona Daktari akilini mwangu akifuta kile kijiti, na nikakumbuka kwamba aliniuliza mara mbili. Nikamwambia mke wangu nitampigia simu Daktari jioni, tuongee kiume, wawili tu, taratibu.

"Ulimsema mbele za watu na ukamwandika mbele za watu," akasema. "Sasa unataka kumwomba radhi uvunguni?"

Nikaitia chupa kwenye mfuko wa karatasi wa duka langu, nikaenda kwa miguu. Uwanja wa Daktari ulikuwa na madoa ya mafuta pale yalipokuwa yakisimama magari, na katikati ya madoa hayo alikaa kwenye kigoda akichagua bolti za zamani na kuzitia kwenye makopo kwa ukubwa wake. Spana zote zilikuwa ukutani, hakuna pengo hata moja. Gudulia lilikuwa bado juu ya benchi, kijani juu, manjano chini. Kando ya Mfaransa lilikuwa limebaki gari moja tu, la Kiswidi, na mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza amefika na kamba ya kulivuta. Huyo ni mwalimu mkuu mstaafu, mwenzetu kwenye kikundi. Aliponiona alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Katibu, umetuokoa," akasema. "Bila ile taarifa yako ningekuwa nimeshaharibikiwa."

Daktari hakuinua kichwa. Nami nikiri jambo moja: kwa muda wa pumzi moja niliona mlango wa kutokea. Ningetikisa kichwa tu, nikashika ncha ya kamba, tukaondoka. Mfuko wa karatasi ukaanza kulowa jasho mkononi mwangu.

Nikaitoa chupa nikaiweka benchini, kando ya gudulia.

"Mwalimu, liache gari lako hapo," nikasema. "Daktari hakukosea. Ni mimi nilimimina, na chupa ndiyo hii."

Mwalimu aliichukua akaisoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, mpaka kwenye "Usichanganye". Kisha akauliza mwandiko ni wa nani. Nikasema ni wangu. Akairudisha chupa benchini, akaanza kuikunja ile kamba.

Nikamgeukia Daktari. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakapeperuka yote, nikabaki na machache. Nikamwambia anisamehe, nimemharibia jina na riziki, na kwamba aliponiuliza mara ya pili nilipaswa kufikiri na sikufikiri.

Alitia bolti kwenye kopo lake.

"Raba za Mfaransa tutaagiza, zitakuja," akasema. "Hao waliochukua magari yao, tutawaagiza wapi?"

Nilitoa simu pale pale nikaandikia kikundi. Safari hii sikuandika aya sita, niliandika mistari mitatu. Halafu, kwa kuwa niliona mistari mitatu ni nafuu mno kwangu, wiki iliyofuata nilianza kuzunguka. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wenzangu, nikaenda na kwenye kijiwe cha teksi, chupa mkononi, nikimpa kila mmoja asome lebo mwenyewe. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Dereva mmoja aliniuliza kama zile dawa za kikohozi alizonunua kwangu mwezi uliopita azitupe. Na mwenzetu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema gari lake limeshazoea fundi mpya. Mpaka leo hajarudi.

Raba zilifika baada ya miezi mitatu. Daktari alimfungua Mfaransa bomba kwa bomba, akamsafisha, akamfunga. Mafuta ya kijani alitaka yaletwe kwenye debe lililozibwa kiwandani. Kwenye mfuniko wa tangi alibandika lebo, moja ya zile za duka langu, ameandika kwa herufi kubwa zinazosomeka hata bila miwani: "Kijani tu. Mwenye gari asiguse." Sijaibandua, na sijagusa.

Siku ya kumwasha tulikuwa sisi wawili. Mfaransa aliguna, akatulia, kisha akanyanyuka, matako kwanza, halafu kichwa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilihesabu magari uwanjani nikapata manne, hapo ambapo zamani yalikuwa hayapungui saba. Daktari alichukua mpira wake, akaweka ncha sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Alipofumbua alinitazama.

"Umeongeza kitu?"

"Sijaongeza."

Akafunga boneti, akafuta mikono kwa tambara, akaniuliza tena. Nikamjibu tena, kwa adabu, kama si mara ya pili. Ndivyo tunavyofanya sasa kila ninapompelekea gari. Zamani alikuwa akiniuliza mara moja tu.