Bomba la Nyuma

Jana pale Uyole fundi alipaka sabuni kwenye mabomba ya AC ya gari langu, na harufu ile ikanirudisha utotoni. Siku moja tukiwa safarini, AC za gari la baba mdogo ziligoma zote, ya mbele na ya nyuma. Fundi alipopaka sabuni nilidhani anayaogesha mabomba, kumbe anatafuta gesi inapovujia. Mapovu yakavimba kwenye bomba la nyuma.

"Ziba hilo, gesi isifike nyuma," baba mdogo alisema. "Mbele ikipoa inatosha. Nyuma anakaa shemeji na watoto."

Tukateremka kwenye joto la Usangu, mama akitupepea kwa khanga, baba mdogo kule mbele amefunga koti mpaka shingoni.

Jana kwenye gari langu pia mapovu yalivimba kwenye bomba la nyuma. Fundi akauliza kama abadilishe bomba au alizibe tu.

"Ziba," nilimwambia. "Kesho nampeleka baba mdogo Usangu. Atakaa nyuma."