Justina, Mkalimani wa Mugeta

Justina alizaliwa Buswahili, akaolewa Mugeta na Enoka, mwanamume mpana wa kifua, mchache wa maneno, ambaye sauti yake ilisikika Jumapili tu, kwenye kwaya. Walikaa kilimani peke yao, wakilima pamba na mtama na kufuga ng'ombe wachache. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini walibomoa nyumba yao kwa mikono yao wenyewe, wakabeba miti ya paa na mlango, wakajenga upya kwenye mstari, ukuta kwa ukuta na watu ambao zamani walikutana nao mnadani tu.

Kijiji kipya kilikuwa na shamba la pamoja, na shamba hilo likaletewa dawa ya kuua magugu ili ijaribiwe. Enoka alichaguliwa kupuliza kwa sababu bomba likijaa lilihitaji mgongo wa mtu kama yeye. Bomba lenyewe lilikuwa linavuja. Jioni alirudi shati limelowa dawa na kumganda mwilini, na Justina akalifua kwa mikono mitupu. Hakuna aliyeona ubaya. Magugu yalinyauka, wanawake wakapumzisha viuno, watu wakasema safari hii serikali imetukumbuka.

Baada ya misimu kadhaa uvimbe ulimtoka Enoka shingoni. Haukuuma. Akaupuuza mpaka ulipotokea mwingine kwapani, kisha nguo zikaanza kumpwaya. Hospitalini Musoma alipokewa na Daktari Hamduni, kijana wa mjini aliyekuwa na tabia ya kukaa kitandani pa mgonjwa badala ya kusimama. Alikata kinyama kidogo kwenye uvimbe, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Jibu liliporudi Enoka alikuwa hawezi tena kuimba. Ilikuwa saratani ya tezi. Walimzika kabla pamba haijachumwa.

Matanga yalipokwisha, Justina alipanda lori la pamba mpaka Musoma, akamngoja daktari mlangoni.

"Daktari, nimekuja na swali moja. Ni ile dawa ya magugu?"

"Mama, sijui."

"Umesoma miaka yote hiyo, hujui?"

Daktari Hamduni hakukasirika. Alimvutia kiti. "Mtu mmoja peke yake hawezi kunijibu," alisema. "Sisi watu wa afya, hapa na ng'ambo, tunajiuliza maswali mawili. La kwanza, dawa hii ina uwezo wa kuleta saratani? Ili kujua, wengine wanawapa panya dawa hiyo na kuwachunguza, wengine wanatafuta watu wanaopuliza na kuwalinganisha na wasiopuliza. La pili, aliyepuliza imemwingia kwa njia gani, na kwa wingi gani? Kitu kinaweza kuwa na sumu, lakini kama hakikufikii hakitakudhuru."

"Enoka kilimfikia. Shati lake nilikuwa nafuaga mimi."

"Kilimfikia, ndiyo. Ila kama ndicho kilichomuua, hilo huenda tusilijue kamwe."

Justina aliondoka na hasira. Hata hivyo, mvua zilipokatika daktari alikuja Mugeta mwenyewe, akitaka kuzungumza na wapulizaji na wasiopuliza. Wazee wengi walijua Kiikizu tu, naye alikuwa hakijui hata salamu. Justina alikuwa amekijua vizuri tangu alipoolewa. Akakubali kumtafsiria.

Wapulizaji waliongea kwa woga, wakitazama mlangoni, wasije wakaitwa wapinga maendeleo. Kilichomsumbua zaidi Justina ni zile nyumba ambazo hakuna aliyewahi kushika bomba. "Hawa wazima unawauliza nini?" alimhoji daktari njiani. "Wafiwa ni sisi."

"Bila wao sitajua kama ninyi mmezidi kuugua kuliko wengine," alijibu.

Kwa Bibi Gati walikuta kikongwe akipeta mtama. Daktari aliuliza kama nyumbani hapo kuna aliyewahi kufa kwa uvimbe. Justina akaliuliza swali hilo kwa Kiikizu, bila kutarajia neno.

"Mzee wangu," alisema Bibi Gati. "Alivimba shingo, akavimba kwapa, akaisha kama mwezi unavyoisha."

Justina akaharakisha kuuliza. "Alikuwa mpulizaji?"

"Bomba? Alikufa tukiwa bado kule juu, kabla ya kuhamishiwa hapa. Yeye alichunga ng'ombe maisha yake yote, hata pamba hakuipenda."

Daktari alikuwa ameshika kalamu, akimtazama Justina usoni. Hakuelewa hata neno moja. Justina angeweza kusema kwamba bibi anasema hakuna, wakasimama, wakaenda nyumba nyingine, na kifo cha Enoka kingebaki na sababu yake. Aliona kwamba neno la kweli likishatoka mdomoni mwake litamchukua Enoka mara ya pili.

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anasema mume wake alikufa kwa ugonjwa ule ule," Justina alisema taratibu. "Na hakuwahi kupuliza. Dawa ilikuwa haijafika."

Daktari aliandika. Walipotoka nje alisimama kidogo. "Najua limekuuma," alisema.

"Andika hivyo hivyo," Justina alijibu, akatangulia njia.

Siku ya mwisho ulifanyika mkutano wa kijiji. Daktari aliwaambia watu kwamba Mugeta ni kijiji kimoja, kidogo mno kutoa hukumu. Aliyoyapata yatakwenda kuwekwa pamoja na ya nchi nyingine, na wataalamu watayapima yote. Huenda ikachukua miaka. Lakini alisema kulinda ngozi na maji kusingoje miaka hiyo.

Mwenyekiti, Machage, mdogo wake Enoka, alisimama uso umekunjamana. "Shemeji, ni wewe uliyemleta. Taifa linasema kilimo cha kufa na kupona, wewe unataka turudi kwenye jembe?"

Justina alisimama. Alikuwa hajawahi kusema mkutanoni. "Shemeji, sijasema dawa ndiyo ilimuua kaka yako. Daktari mwenyewe hajasema, na kwa Bibi Gati tumesikia habari nyingine kabisa. Mimi nasema ninachokijua. Bomba linavuja. Dawa inachanganywaga kisimani, na maji yale tunakunywa. Kama haina madhara, tutakuwa tumetembea mbali kidogo tu kwenda kuichanganya. Kama inayo, nani atatujibu?"

Kisha Hyasinta, mke wa mpulizaji mwingine, akasema, "Mume wangu halibebi lile bomba mpaka litengenezwe." Sauti nyingine zikafuata.

Wakakubaliana bomba litengenezwe, dawa ichanganywe mbali, na upande wa shamba ulio karibu na kisima upaliliwe kwa mkono. Habari za Musoma zilikuja baadaye sana: ushahidi hautoshi kusema ndiyo, wala hautoshi kusema hapana. Justina alizisikiliza, akashukuru, akaingia ndani akalia.

Palizi ilipoanza kule kisimani alikuwa wa kwanza kufika. Jua lilikuwa limeshapanda Machage alipotokea na jembe begani. Hakusalimu. Alishika mstari uliokuwa kando ya ule wa shemeji yake, akainama, wakapalilia pamoja mpaka mwisho wa shamba.