Kompyuta Yangu Iliposalimia Mpaka Ikashindwa

Wenzangu, nacheka huku nikiona haya. Bi Rukia, mwalimu wetu wa kompyuta hapa Mji Mkongwe, alitengeneza programu mbili za kubishana: wageni wapelekwe msitu wa Jozani au magofu ya Mbweni? Kila moja ilipewa zamu tatu, na lisilohusu hoja linakataliwa, zamu ikapotea. Mimi nliandika maneno ya Jozani. Nikishinda, niwe msaidizi wake.

Lakini moyo wangu ukakataa. Utaanzaje kubishana na mtu hata hujamsalimu? Nikatanguliza salamu, hoja nikazipanga nyuma.

Siku ya kuonyesha, wazazi wakajaa darasani. Mbweni ikaanza: "Jozani ni mbali."

Yangu ikajibu: "Assalamu alaykum." Mbweni ikakataa:

"Haihusu."

"Umeamkaje?"

"Haihusu."

"Watoto hawajambo?"

"Haihusu. Zamu zako zimekwisha, umeshindwa."

Kima wangu wekundu, ambao ndio hoja yenyewe, hawakutajwa hata mmoja! Watu wakacheka mpaka machozi. Bi Rukia akageuka. "Nani kaifunza mashine hii kuulizia watoto?"

Nikainama nyuma ya meza.

"Haji!"

"Naam, Bi Rukia," maneno yakanitoka yenyewe, "shikamoo!"