Kaburi Nililowauzia Wageni

Mama yangu mzazi hakuniamini, basi na wewe usiponiamini sitanuna. Ila nitakueleza hivyo hivyo, kwa sababu yalinikuta mimi, kwa macho haya haya, hapa Songea, katika ile njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Nimekwisha kuungama kwa padri mara mbili. Alinisamehe mara zote mbili, lakini hakusema kama ameamini.

Tena wengine wakisimulia mambo ya namna hii hutaka iwe usiku, bundi alie, mbwa wabweke. Mimi yalinikuta mchana kweupe, watu wanapita njiani na kuni zao. Laiti yangenikuta gizani, ningejiambia nimeona vibaya, nikalala.

Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha shinda. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, na waliokamatwa wakaletwa bomani. Wengine walinyongwa, wengine wakafia katika kazi ya kubeba mawe. Maiti hawakurudishwa kwao. Walifukiwa tu, na askari hawakutaka mtu aulize wapi. Sasa fikiria: watu wanatoka Madaba, wanatoka Namasakata huko Tunduru, siku nyingi kwa miguu, wanamtafuta mume, mtoto, kaka. Wanafika Songea hawamjui mtu. Unadhani walimwuliza nani?

Waliniuliza mimi.

Boma lilikuwa na watu wake wa kuwaongoza wageni, wenye cheti chenye muhuri. Lakini hao walimpeleka mgeni kwanza kwa akida akaandikwe, na mtu ambaye ndugu yake alipigana hakutaka jina lake liandikwe popote. Mimi sikuwa na cheti. Nilikaa kwenye kivuko cha kijito upande wa Ruhuwiko, na mgeni akitokea nilimjua kwa vumbi la miguuni na kwa jinsi alivyotazama huku na huku. Kama ni mtu mzima nilimpa shikamoo yake, nikampa maji, nikamwuliza anamtafuta nani, mrefu au mfupi, alikuwa na kovu gani. Halafu nikasema kwa sauti ya chini kwamba huyo namjua, na najua alipolala. Nilikuwa na ulimi mtamu, usinione hivi.

Kabla ya kaburi, duka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nilimpeleka mgeni kwa mfanyabiashara mmoja, nikamwambia haendi mtu kumlilia maiti wake mikono mitupu: anunue kitambaa cheupe cha kufunika tuta, na chumvi ya kumfumba macho askari wa zamu. Kitambaa kiliuzwa mara tatu ya bei yake. Mle dukani mlikuwa pia na kapu la bangili za waya wa shaba, zile walizovaa vijana wote wa vita, nasi tulizisugua kwa majivu na udongo zionekane za siku nyingi. Mgeni mwenye mashaka nilimletea moja, nikasema niliivua mkononi mwa marehemu. Angetambuaje? Zote zilifanana. Akishaondoka, nilikitoa kitambaa juu ya tuta, nikakikunja, nikakirudisha dukani kikauzwe tena. Fungu langu nililipwa mahindi, kibaba kimoja kwa kila mgeni. Mwaka ule rupia haikuwa na maana kwetu, kwa kuwa haipikiki.

Na kaburi je? Lilikuwa moja tu. Nilililima mwenyewe kwa jembe, chini ya mti mmoja wa msuku uliopasuliwa na radi, ng'ambo ya kijito. Nakumbuka nilivyofurahi siku ile kwamba udongo wa pale ulikuwa mwepesi, jembe likizama lenyewe, wakati kila mahali pengine ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Nilisema nina bahati. Naomba ulikumbuke hilo.

Nyumbani nilikuwa na mama peke yake. Kaka yangu mkubwa, Mandawa, alikunywa yale maji pamoja na wenzake, akaenda vitani, asirudi. Kwetu, mama aliyefiwa hufunga kichwani ukanda wa gome la mti, wala hanyoi nywele, mpaka apelekwe alipolala mwanawe, amwite kwa jina na kummwagia unga. Hapo ndipo hunyolewa na matanga yakaisha. Mama alikuwa na ukanda ule mwaka wa pili. Kila jioni nilipoingia aliniuliza kama nimesikia lolote. Na mimi, fundi wa makaburi, nilimjibu kwamba sijasikia. Sikuthubutu kumpeleka mama kwenye uongo wangu. Nisifiwe kwa hilo moja, maana jingine sina.

Kisha akaanza kuacha chakula. Nilimpikia uji wa mahindi yangu, akasema tumbo halitaki. Akawa anakwenda porini mwenyewe na mifupa yake ile, anachimba ming'oko, anachemsha mizizi hiyo na kula peke yake. Nilidhani ni uzee.

Sasa siku yenyewe. Jua lilikuwa la saa nane. Mtu alitokea ng'ambo ya kijito, mwembamba, kichwa kimenyolewa ovyo kama walivyonyolewa wafungwa, vumbi jekundu limemfunika mpaka kwenye kope. Nilijiambia huyu ametoka mbali, huyu atanunua. Nikampa kibuyu cha maji. Alikishika tu. Nikamwuliza anamtafuta nani.

"Namtafuta yule wanayemlilia chini ya msuku," akasema.

Niamini, nilifurahi. Niliona sifa zangu zimefika mbali. Nikaanza maneno yangu ya kitambaa na chumvi, naye akatikisa kichwa, akasema vitambaa amepewa vingi mno na vyote vimechukuliwa. Kabla sijamwuliza ana maana gani, akageuka akaanza kwenda. Alitangulia yeye. Umeona wapi mgeni akamtangulia anayemwongoza? Alikata kona pale pale ninapokata mimi, akaruka jiwe lile lile, akainama chini ya tawi ambalo huwa nawaonya wageni wote walikwepe. Nikajiambia labda alikwisha kuja, nimemsahau tu. Tulipishana na wanawake wawili wenye mitungi. Walinisalimia mimi, yeye hawakumsalimia, na kwetu watu hawapitani hivyo.

Alipofika kwenye tuta akakaa juu yake. Nikamwambia, ndugu, hapo hapakaliwi.

"Mlongo wangu," akasema, na ndivyo tunavyomwita ndugu wa damu kwa Kingoni, "mwezi uliopita nilikuwa mume wa yule mama wa Madaba. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilitaka kumwitikia, lakini hakuwa ananiita mimi. Kisha nikawa mtoto wa mzee wa Namasakata, akanisomea dua zake zote. Nimekuwa watu wengi. Mandawa sijaitwa hata mara moja."

Akainua mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana. Nilipokuwa mtoto wa kutambaa niliangukia motoni, na kaka akanichomoa kwa mkono ule. Alipopona, ngozi ya vidole ilikuwa imeungana. Utoto wangu wote nilitembea nimevishika vidole vile viwili. Ungekuwa wewe ungehitaji alama gani nyingine?

Nikakaa chini. Alinieleza bila hasira, na afadhali angekasirika. Alianguka akiwa amebeba jiwe la boma, akafa hapo hapo. Wenzake wawili walimfukia upesi chini ya msuku kabla askari hajageuka, wakaacha udongo laini, bila alama yoyote. Ndipo nikaja mimi na jembe langu na bahati yangu.

"Mama akitaka ushahidi, chimba hapa kushoto," akasema. "Halafu mlete. Aniite mara moja tu, kisha anyolewe. Nimechoka kuwa wa watu."

Nilijifunika uso kwa mikono nikilia. Nilipoiondoa, juu ya tuta hapakuwa na mtu. Kibuyu changu kilikuwa pale, kimejaa maji kama nilivyompa.

Nilichimba kwa vidole. Hata sikufika mbali. Nilichokiona ni changu, sitakisema. Nilimvua bangili yake ya shaba, nikamwomba radhi, nikarudisha udongo, nikakimbia mpaka nyumbani.

Mama alikuwa nje anamenya ming'oko. Nilipiga magoti nikamweleza yote, duka, vitambaa, kapu, tuta, mpaka vidole vya kaka. Hakunikatisha. Nikamwekea bangili kiganjani. Aliigeuza, akaigeuza tena, na kidole gumba chake kikasimama mahali pamoja. Nikajua ameitambua. Nilijua kabisa.

"Hii ni ya kapu lile lile?" akaniuliza.

Nikaapa kwamba siyo. Ndipo akanieleza na yeye, taratibu, huku akiendelea kumenya. Yule mama wa Madaba, alipokuwa anarudi kwao, alipita kwetu kuomba maji. Alimshukuru mama kwa kuzaa mtoto mwema, akamweleza habari za tuta na msuku uliopasuka, akamwonyesha bangili. Siku chache baadaye akapita mzee wa Namasakata na binti yake. Shukrani zile zile, msuku ule ule, bangili kama ile ile. Mama akawapa maji, akawatakia safari njema, hakuwaambia kitu. Angewaambia nini, nao wamekwisha kulia na kutulia? Ila tangu jioni ile hakuweza tena kumeza mahindi yangu.

Nilimsihi sana. Nilimwambia hata kama huniamini, twende tu, umwite mara moja, utapungukiwa nini?

"Nikienda pale nitakuwa namlilia mume wa mtu," mama akasema. "Nimefunga ukanda huu namngoja mwanangu, simngoji mwingine. Na wewe ulikuwa hujawahi kunidanganya mimi. Uliwadanganya wote, lakini ukirudi jioni nikikuuliza, uliniambia hujui. Hicho ndicho nilichokuwa nimebaki nacho, mwanangu. Leo umekichukua na hicho."

Akanirudishia bangili. Hatukuizungumza tena habari hiyo, kwa sababu kila nilipofungua mdomo alijifanya anatafuta kitu ndani.

Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Njaa ilimwua, na mahindi yalikuwamo ndani, debe karibu lijae. Alikufa na ukanda wa gome kichwani na nywele zimemfika mabegani. Nilitaka kumzika chini ya msuku, karibu na kaka. Baba mdogo akakataa, akasema mwenyewe alikataa kwenda pale akiwa hai, sisi ni nani wa kumbeba kwa nguvu. Basi yeye amelala upande huu wa kijito, Ruhuwiko, na kaka amelala ng'ambo. Majani yakiungua wakati wa kiangazi, ukisimama kwa mmoja unamwona mwingine.

Kazi ile niliiacha siku ile ile. Nilikwenda hadi Madaba kumtafuta yule mama nimweleze ukweli. Nilimkuta amenyoa, nywele zimeanza kuota upya, anapepeta ulezi na anacheka na jirani yake. Nikageuza njia bila hata kumsalimia. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Kila mwaka hupeleka unga kwa kaka na kumwita kwa jina mpaka koo linaniuma. Mara nyingine namkuta. Anakaa juu ya tuta mchana kweupe, amenipa mgongo, anatazama Ruhuwiko. Nikimwita hageuki. Sauti aliyoiomba siyo yangu. Wapita njia huona mzee anapiga kelele porini, na wale wanaokumbuka mambo ya zamani huambiana kwamba bado natafuta wateja.

Kwa hiyo nakuonya. Ukifika mji wa watu na uchungu wako, ukampata mtu mwenye maneno laini anayekupeleka dukani kwanza, mpite, hata kama ndiye peke yake aliyekupa maji. Na kama mwenye maneno laini ni wewe, jiulize siku utakapokuwa na neno moja tu la kweli utampelekea nani. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kumpelekea, nikachelewa.

Bangili ninayo, hii hapa. Haya, ishike, igeuze. Unaona? Hata wewe unaitazama kama imesuguliwa majivu.