Dakika Tisa za Mama

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi hapa Kibaha. Jumapili alasiri, nikiwa sina sherehe, nilizoea kwenda Maili Moja kwenye duka la mwenzetu mmoja anayeuza madaftari, tukakaa watu watano sita kubishania filamu za kubuni za kisayansi. Wengine hubishania mpira, sisi tulibishania safari za kwenye nyota na mashine zinazofikiri. Kitabu ni bora kuliko filamu iliyotokana nacho? Filamu ikitoka mara mbili, fupi ya kumbi za sinema na ndefu ya mwongozaji, ya kweli ni ipi? Na mwongozaji anayekuta kazi yake imekatwakatwa, akadai jina lake litolewe, ana haki hiyo?

Mimi nilikuwa na msimamo wangu. "Kazi ikishatoka mkononi mwako ni ya watazamaji. Huwezi kuikana."

Aliyenipinga siku zote alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwanamke pekee kati yetu. Tulimwita Madam.

"Wewe hujawahi kutengeneza cha kwako," alikuwa akiniambia. "Ndiyo maana."

Akatengeneza yeye. Alianza kwa kuandika hadithi, akawa anaitupia kwenye grupu letu la simu kipande kwa kipande. Mjane wa Msimbu, huko Kisarawe, anagundua kwamba kisima chake kinamjibu, na sauti zinazotoka humo ni za watu ambao bado hawajazaliwa. Tuliipenda mno. Alipoamua kuigeuza filamu na kuiongoza mwenyewe, mimi nikawa mpiga picha na mhariri. Wa kuigiza mjane akawa mama yake mzazi, anayeishi hukohuko Msimbu, ambaye kamera pekee aliyowahi kukaa mbele yake ni ya kitambulisho.

Katikati ya filamu mama aliketi kwenye kigoda kando ya kisima, akamenya mihogo na kuongea. Madam alimwambia aseme lolote linalomjia. Aliongea dakika tisa, nusu Kiswahili nusu Kizaramo, bila kuitazama kamera hata mara moja. Mimi nilikuwa nawaza betri.

Tukataka kuiingiza kwenye shindano la filamu fupi. Mwisho dakika thelathini, na yetu ilizidi kama dakika nane. Wakati huohuo Madam akaitwa kusahihisha mitihani ya taifa, mahali ambako simu hazitumiki.

"Punguza mwanzo," aliniambia kabla ya kuondoka. "Kwa mama usiguse."

"Sawa, Madam."

Nilijaribu kupunguza mwanzo. Nikajiambia kwamba bila mwanzo ule mtazamaji hatakielewa kisima. Ukweli ni kwamba dakika zile tisa zilinichosha tangu siku ya kwanza, na sasa hakukuwa na wa kunizuia. Nikazitoa zote. Filamu ikakaa sawa, ikawa na mwendo. Nikaituma ikiwa na jina lake juu. Wiki hiyohiyo nilikuwa na harusi Mlandizi na diski yangu imejaa, nikafuta picha zote za Msimbu pamoja na lile toleo refu. Nilifuta huku nakunywa chai.

Filamu ikachaguliwa, ikaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja hapahapa Kibaha. Madam alikuwa amerudi siku mbili kabla. Aliponiuliza nimepunguza wapi, nilimjibu, "Utaiona tu." Mama alikuja kutoka Msimbu na mdogo wake, wamevaa kitenge cha sare.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nimekuja kujisikia mwenyewe."

Alijiona mara mbili akipita na ndoo, tena kwa mgongo. Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi nilimsikia akimuuliza mdogo wake, "Mbona mie sijasema?"

Madam akaitwa mbele. Alishika kipaza sauti. "Niliyoiona hapa si filamu yangu," alisema. "Naomba jina langu litolewe." Akakirudisha, akashuka.

Nje ya ukumbi akanivuta pembeni. "Wamekata wao, waandaaji?"

Ningeweza kusema palepale. "Inawezekana," nikajibu. "Watu hawa wakibanwa na muda..."

Kwenye grupu kukawaka moto siku tatu. Wenzangu wakawalaani waandaaji, wakadai toleo kamili, wakamfananisha Madam na waongozaji wakubwa wa nje waliowahi kuzikana kazi zao. Aliyeandika ujumbe mrefu kuliko wote ni mimi, kuhusu heshima ya msanii. Mmoja akanijibu, "Leo umebadilika, kaka!"

Kisha Madam akanipigia. "Lile refu tutalionyesha wenyewe. Niletee Jumamosi, nitakuwa kwa mama."

Nilikwenda Msimbu na begi la kamera. Wote wawili walikuwa barazani. Nilisema kila kitu kwa mkupuo, nikitazama miguu yangu. Madam hakupaza sauti.

"Na zile picha zenyewe, kabla ya kuhaririwa?"

"Nilizifuta."

Akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka naondoka.

Nikabaki na mama. "Mama, naomba turudie," nikamwambia. "Kamera ninayo. Ukae palepale, useme vilevile."

"Unajua siku ile nilikuwa naongea na nani?"

"Na kisima, mama."

"Kisima!" Akacheka kidogo. "Nilikuwa naongea na baba yake huyu. Tangu tumzike nilikuwa na maneno yake, sikupata pa kuyasemea. Siku ile mlininyamazia wote, nikayasema. Sasa nimeshamwambia. Nimwambie tena ili wewe upige picha?"

Nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe, ila bintiye nisimharakishe. Akaniletea mihogo ya kuchemsha. Sikuthubutu kuikataa, nikala.

Jioni ile nikaandika ukweli kwenye grupu. Halafu mmoja akasema tusigombane, fupi ndiyo bora, ile ndefu ingeboa. Wawili wakamuunga mkono. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Mimi ndiye niliyeiona, na nikijaribu leo kukumbuka mama alisema nini nakumbuka kisu kikipita kwenye muhogo, na neno moja kuhusu bati, na jinsi nilivyokuwa naitazama saa.

Madam hakurudi tena dukani. Filamu inazunguka kwenye simu za watu, haina jina la mwongozaji. La mhariri lipo. Mwezi uliopita bwana harusi mmoja aliniambia amenipa kazi kwa sababu ya filamu ile, kwamba haina sehemu hata moja inayochosha. Nilimshukuru, kisha nikajichukia kwa kumshukuru.

Wiki iliyopita nilimkuta Madam stendi, ana mfuko wa madaftari ya wanafunzi. Nilitangulia kumsalimia.

"Salama," akajibu. Basi lake likaingia. Akiwa ameshaweka mguu mlangoni, akageuka. "Mama anakuulizia. Anasema hujafika tena."

"Nitakwenda," nikasema.

Bado sijakwenda.