Shahada ya Mina, Kifua cha Elspeth

Elspeth Petrie aliingia kiwanda cha magunia pale Dundee akiwa na miaka kumi na mitatu. Kabla hajafika thelathini mashine zilikuwa zimemla masikio, na kama wafumaji wengi wa mji ule, alisikia kwa kutazama midomo. Vumbi nalo lilimkaa kifuani. Hakuacha kazi, kwa kuwa mdogo wake Mina alikuwa na kichwa chepesi, na chuo kikuu kilikuwa kimeanza kupokea wanawake, kwa karo.

Mina akapata shahada, akawa mwalimu, akapanga nyumba ya vyumba viwili na kuishi humo na dada yake.

Wenye shahada walikuwa na mbunge wao wenyewe, waliyemchagua kwa karatasi za posta. Mwaka 1906 Mina aliandika kuomba yake. Akajibiwa kwa mistari miwili: sheria inasema "watu", na mwanamke hamo. Wenzake wakaenda mahakamani, wakashindwa.

"Pole, Bi Petrie," mwalimu mkuu alimkejeli mbele ya walimu. "Kumbe miaka yote nimeajiri kitu, si mtu!"

Wakacheka. 

Vita kuu ikaja, ikaisha. Desemba 1918 bahasha ikafika wakiwa mezani wanakunywa uji.

"Dada, imekuja! Sheria mpya. Nina kura mbili: ya shahada, na ya nyumba."

Elspeth akafuta mikono kwenye aproni. "Na yangu?"

Mina akainama.

"Inua uso, sikuoni! Usinimung'unyie."

"Wewe huna, dada. Shahada huna, na nyumba imeandikwa jina langu. Kwa sheria, wewe unakaa kwangu tu."

"Nakaa kwako! Na hicho cheti ukutani kimetoka wapi, kama si kwenye mapafu yangu?"

"Nisikilize kwanza..."

Elspeth akafumba macho. Mina akabaki anasema na kope, hata alipokuwa akilia.

Kura zake alipiga zote mbili. Baada ya hapo, kila Jumamosi mchana, alisimama kwenye lango la kiwanda kukusanya sahihi ili wanawake wote wapewe haki ile. Wasichana walimzomea: "We Mama Shahada, zako si unazo? Unatutakia nini?" Aliendelea kuwanyooshea karatasi. Nyumbani Elspeth alimpa chai, lakini habari za kura hakutaka kuziona mdomoni mwake tena.

Elspeth alikufa Februari 1928, akikohoa hadi pumzi ya mwisho. Julai sheria ikapita, kura kwa wanawake wote. Walimu wanawake walifanya karamu, Mina hakwenda. Siku hiyo alikuwa akigawa nguo na viatu vya marehemu kwa majirani. Mfumaji mmoja alivigeuza viatu, akavitazama soli.

"Bado vizima hivi, Mwalimu. Una hakika huvitaki?"

"Chukua," alisema Mina. "Chukua tu."