Kijana Aliyeruka Jabalini

Radhiya Borafya ni fundi wa fremu. Kibanda chake kiko mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, baina ya muuza vipuri vya vespa na fundi cherehani, na watu humletea vyeti vya watoto wao, picha za harusi, na aya zilizoandikwa kwa wino wa dhahabu. Hizo ndizo zinazomweka mjini. Lakini ukipita pazia la nyuma, kwenye chumba anachokatia vioo, kuta tatu zimejaa picha za filamu za zamani. Si zile zilizokuwa zikibandikwa milangoni mwa sinema kuwavuta watu. Hizi zilipigwa pembeni, kamera kubwa ikiwa imezimwa. Malkia ana taji kichwani na kandambili za chooni miguuni. Askari aliyekwishauawa, rangi nyekundu bado imemtapakaa kifuani, anatafuna andazi. Wanaume wawili wako juu ya ngazi wameshika mpira wa maji, na chini yao wapenzi wanalia mvuani.

Maradhi hayo aliyarithi kwa baba yake, Mzee Borafya, aliyekuwa mkata tiketi wa sinema moja mjini. Filamu ya Kihindi au ya Kimisri ikishamaliza siku zake, yeye alikuwa akirudi nyumbani na picha zilizobaki ndani ya gazeti, na siku moja mojawapo ilikuwa hiyo ya malkia wa kandambili. Radhiya alikuwa na miaka minane. Alicheka mpaka akapaliwa. Baba alipofariki, yeye akaendelea. Sasa ana miaka hamsini na minne na picha zaidi ya mia nne, na nyuma ya kila moja ameandika kwa penseli filamu gani, mwaka gani, wapi.

Mama yake, Bi Wanu, hakuwahi kuyapenda mambo hayo. Yeye, mke wa mkata tiketi, hakutia mguu sinema hata siku moja. Radhiya alidhani ni dini. Nyuma ya lile pazia mama aliingia mara moja tu, miaka mingi nyuma, akatoka hapo hapo akisema harufu ya gundi inamtia kizunguzungu. Tangu siku ile, akija, hukaa kwenye kibao cha mlangoni.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya Ramadhani, alikuja Junaid, muuza vitu vya kale wa mtaa wa Hurumzi, na bahasha kubwa ya kahawia kwapani. Nyumba ya marehemu mpiga picha mmoja wa studio ilikuwa inauzwa na warithi, na juu ya dari lilikutwa sanduku.

"Hizi hazina mwenyewe ila wewe, Bi Radhiya," alisema Junaid. "Mimi hata sikuzijua ni za nini. Wazungu, ngazi, mataa, na bahari."

Ndani mlikuwa na karatasi tatu ngumu, kila moja imechapwa picha ndogo ndogo kama stempu, safu kwa safu, zikifuatana kama zilivyopigwa. Radhiya aliitambua filamu kabla hata hajachukua kioo cha kukuzia. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, kampuni ya kigeni ilikuja Unguja kupiga filamu ya wafanya magendo ya karafuu. Alikuwa akitafuta picha za nyuma ya filamu hiyo tangu ujana wake. Alimuaga Junaid kwa haraka mpaka akaona haya mwenyewe, akavuta taa, akainama.

Karatasi ya kwanza ilimpa raha tupu. Magunia ya karafuu yamejazwa majani makavu ili yawe mepesi kubebeka. Mwongozaji amelala usingizi chini ya mwavuli, mdomo wazi. Kwenye karatasi ya pili, picha ya tisa, alijiona mwenyewe.

Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa ni yeye, Radhiya, msichana wa miaka kumi na minane, kakaa juu ya jiwe kavaa gauni jeupe la Kizungu lililorowa, nywele zinachuruzika maji, taulo mabegani. Pua yake. Paji lake la uso. Namna yake ya kukunja shingo anaposikiliza. Na picha ile ilipigwa miaka tisa kabla hajazaliwa.

Alikiweka chini kile kioo. Alikwenda akafunga mlango wa mbele, akarudi, akakaa, na muda ukapita asijue anachokitazama. Kisha akakishika tena na kusonga mbele, picha baada ya picha. Msichana yule yumo majini anaogelea, na mwigizaji mkuu wa kike, gauni lile lile lakini kavu, anamtazama kutoka ufukweni huku anavuta sigara. Msichana anacheka na kijana mwembamba aliyevaa sare ya baharia. Kijana anakula mkate, mashavu yamejaa. Kijana kasimama juu ya jabali, mikono kaipanua.

Radhiya aliinua macho. Mbele yake ukutani, katika fremu ya mninga aliyoikata kwa mkono wake, ilikuwepo picha yake pekee ya filamu ile ile, aliyoithamini kuliko zote: mtu kajirusha kutoka jabalini, yuko angani, sare imejaa upepo, uso umegeukia kamera. Aliinunua kwa mkusanyaji wa nchi za nje miaka kumi na mitano nyuma. Nyuma yake paliandikwa jina la mwigizaji mkuu wa kiume, na yeye hakuwa na sababu ya kutia shaka. Sasa alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Shavu lile lile. Sikio lile lile lililochomoza. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa kijana wa mkate.

Karatasi ya tatu ilikuwa na picha sita tu, na nyingine zote zilikuwa nyeusi. Watu wamezunguka kitu mchangani. Turubai, na chini ya turubai miguu miwili. Msichana wa gauni jeupe kakaa peke yake mbali kidogo, kichwa katia katikati ya magoti. Nyuma yake mafundi wanakunja nyaya.

Radhiya alikuwa na mjomba aliyeitwa Shaame. Kila mwaka nyumbani kwao Mangapwani husomwa hitma yake. Tangu utotoni aliambiwa mjomba Shaame alikufa kijana, alianguka mkarafuuni.

Asubuhi ya pili alikwenda Bububu. Bi Wanu alikuwa barazani anachambua mchele, ungo mapajani, miaka thamanini na moja na macho bado yanaona chuya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Huna kazi leo?"

Njia nzima Radhiya alikuwa akipanga maneno, na alipofika hapakubaki hata moja. Alitoa karatasi ya pili kwenye bahasha akaiweka juu ya mchele.

Bi Wanu hakuhitaji kioo. Alitazama, kisha mikono yake ikaacha kufanya ilichokuwa ikifanya, moja ndani ya mchele, moja hewani. Radhiya aliogopa, akashika ule ungo usianguke.

"Umezipata wapi?" aliuliza mama, kwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuijua.

"Kwa yule mpiga picha wa studio. Kafariki."

"Ndo yeye aliyekuja kututafuta. Yule mwanamke wa Kizungu hakuwa akijua kuogelea. Wakataka msichana wa umbo lake. Mimi na Shaame tulikulia majini, kijiji kizima kilikuwa kikijua. Baba hakujua. Tulimwambia twenda kuchuma karafuu shamba la ami yetu, na kila siku tukatoka na vikapu."

"Na Shaame?"

"Shaame alikuja kunchunga tu. Wakampenda, wakamvisha." Alipitisha kidole juu ya zile picha bila ya kuzigusa. "Siku ya mwisho yule mwigizaji wao alikataa kuruka. Alitazama chini, akasema haruki. Shaame akaambiwa aruke yeye. Lile jabali tulikuwa tukiruka kila siku, tangu wadogo, lakini maji yakijaa. Siku ile yalikuwa yashaanza kupwa, nao wanagombana na jua, wanataka haraka haraka."

Radhiya alitaka kumwambia anyamaze, basi, imetosha.

"Mimi nlikuwa chini, majini. Yeye hakuwaamini wale. Akapiga kelele, kwa Kiswahili, wasifahamu: Wanu, maji yanatosha? Nami nkamwambia yanatosha."

Mtaani mtu alipita na baiskeli, akasalimia. Bi Wanu akaitikia salamu kama kawaida, kisha akaendelea.

"Nlikuwa nataka kumuona akiruka, mwanangu. Nlikuwa nataka wamuone. Maji nliyaona. Yalikuwa kifuani kwangu."

Radhiya alimtazama mama yake. Mwanamke huyu alimfundisha kusali, kupika, kufunga kilemba cha kanga. Miaka hamsini na mitatu alikuwa naye. Ikamjia siku ile ya pazia, harufu ya gundi, na mama anatoka nje mkono ukutani. Alikuwa ameiona. Alikuwa amemkuta kaka yake angani, ndani ya fremu, chumbani kwa binti yake, na akaenda kukaa kwenye kibao bila ya kusema kitu.

"Mama," alisema, "ile picha yangu ya mtu anayeruka..."

"Naijua."

"Kwa nini usinambie niitoe?"

"Ningesema nini?"

Bi Wanu aliomba kile kioo cha kukuzia, na Radhiya akakitoa mkobani. Alitazama picha moja tu, ile ya mkate, muda mrefu sana. Nje ya filamu ile Shaame hakuwahi kupigwa picha yoyote. Kwa miaka sitini na zaidi, alisema, alikuwa akiusahau uso wake kidogo kidogo, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Na nyumbani mlisema nini?" aliuliza Radhiya.

"Walitushusha kwa lori mpaka kichochoroni, wakaondoka. Nlikuwa nshavaa nguo zangu. Nkamwambia baba kaanguka mkarafuuni. Hakunuliza la pili. Amekufa anaamini hivyo, na hilo ndo linalonkata maini. Nlimdanganya mzee wangu mpaka kaburini kwake."

Radhiya alirudi mjini, akaitoa ile fremu ukutani, akaigeuza uso chini juu ya meza ya kukatia. Mchana akaitundika tena. Kesho yake akaitoa. Kwa muda wa mwezi hakuweza kutazama picha yoyote katika zile mia nne bila ya kutafuta miguu chini ya turubai. Askari wa andazi hakumchekesha tena. Alifungua fremu ya mninga, akafuta kwa raba jina la mwigizaji, akaandika: Shaame bin Wakil, Mangapwani. Penseli ilivunjika mara mbili.

Hitma ya Shaame mwaka ule iliangukia Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Bi Wanu alimwambia binti yake aende na ile picha ya mkate, ikuzwe kidogo. Radhiya alidhani anataka kumwonesha dada fulani, faraghani. Lakini kisomo kilipomalizika na watu wameketi ua wa nyuma kwa wali, ukoo mtupu, watu ishirini hivi, Bi Wanu akaitoa picha mkobani na kumpa aliye karibu naye, kisha akasema yote. Alisema kwa mpangilio, bila ya kulia, vikapu, gauni, jabali, na lile neno lake moja. Hakuna aliyethubutu kutia mkono sahanini. Mpwa wake mmoja, Faiza, alinyanyuka akaingia ndani, na akasikika akilia kwa hasira.

Picha ilizunguka mpaka ikafika kwa Mzee Muhiddin, binami yao, mtu wa karibu miaka tisini, ambaye husikia kwa shida. Alikuwa amesikia. Aliishika mbali na macho yake.

"Ndiye," alisema. "Wanu, mimi nlimkosha maiti huyu. Mimi na baba yako."

"Najua, kaka."

"Hujui. Mtu aliyeanguka mkarafuuni haji na mchanga masikioni. Nywele zilikuwa zimejaa chumvi mpaka zinakwaruza. Nkamtazama ami. Yeye keshaona kabla yangu."

Bi Wanu alimwangalia kama mtu anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Baba alijua?"

"Siku ile ile. Jioni wavuvi wakaja kumwambia mambo ya jabalini, na gauni, na wewe. Akawasikiliza, akawapa kahawa, akawaomba wasilirudie. Sote tuliokuwepo akatuapisha. Ndiyo maana hujasikia."

"Alisema nini? Kaka Muhiddin, baba alisema nini?"

Mzee alifikiri, akitafuta maneno yenyewe.

"Mimi nlitaka kutoka nje nije nikuulize. Nlikuwa na hasira. Akanshika mkono, mkono wake umerowa. Akanambia, tumalize kumkosha huyu, na yule mtoto asiulizwe kitu na mtu yeyote."

Radhiya alikuwa kakaa bega kwa bega na mama yake. Bi Wanu aliitazama mikono yake, akamtazama Muhiddin, akautazama mlango wa chumba ambacho zamani kilikuwa cha baba yake na sasa watoto wa Faiza hulala humo.

"Miaka yote hiyo," alisema, "kila nkimpelekea chai, alikuwa akinambia nikae kidogo. Nami nkikimbia."

Radhiya akamshika kiwiko, na mama akauacha mkono wake hapo, mpaka Faiza alipotoka ndani macho mekundu, akaja akakaa upande wake wa pili, na kumsogezea sahani.